Taa zinawaka, redio inaimba, gari haliwaki: subiri kwanza kununua stata

*"Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, otomatiki. Naishi Kigamboni na kazi yangu iko mjini, hivyo karibu kila siku navuka kwa pantoni. Wiki iliyopita nilizima gari ndani ya pantoni kama kawaida. Tulipofika Magogoni nikawasha, likagoma. Taa za dashibodi zinawaka zote, redio inaimba, honi inalia, ila nikizungusha ufunguo nasikia 'tak' moja halafu kimya. Nikirudia, mara nyingine ni 'tik-tik-tik'. Vijana wakanisukuma hadi nje huku walio nyuma wakinipigia honi. Baada ya robo saa likawaka lenyewe. Tangu hapo limegoma mara tatu, na kila likigoma saa ya kwenye redio inarudi 1:00. Betri ni mpya, ina miezi minne. Fundi wa mtaani anasema taa zikiwaka maana yake betri ni nzima, kwa hiyo stata imekufa, nitafute ya mtumba Ilala kwa laki moja na nusu. Jirani yangu yeye anasema niwe nalisukuma tu mpaka hela ipatikane. Nimsikilize nani?"*

Marahaba mwanangu, na pole. Kugomewa na gari kwenye mdomo wa pantoni saa mbili asubuhi, watu wote wanawahi kazini, ni jambo linalomtoa mtu jasho hata mwezi wa saba.

Unataka kujua kama laki moja na nusu iende kwenye stata au isiende. Isiende bado. Na huyo jirani usimsikilize kabisa, nitakuambia kwa nini. Jibu umeliandika mwenyewe katika barua yako, kwenye sentensi ambayo nadhani uliiweka kwa kupita tu: saa inarudi 1:00. Nitaifikia, lakini kwanza tuufukue huu msemo wa "taa zinawaka, betri nzima", maana umewatoa watu wengi pesa katika jiji hili la Dar es Salaam.

Taa za dashibodi zote kwa pamoja ni mzigo mdogo sana. Taa mbili kubwa za mbele, kila moja ikiwa ya wati 55, zinakula kama ampea tisa hivi. Stata ya gari dogo la petroli inapozungusha injini inavuta ampea mia na zaidi, na ile nukta ya kwanza kabisa, injini ikiwa bado imelala, inavuta kuzidi hapo. Taa ikiwaka inakuambia kwamba umeme upo. Kama umeme huo unatosha, na kama njia unayopita ni nzima, taa haijui.

Chukua nyumba yenye simtanki juu ya mnara na bomba lililoziba kwa kutu ndani. Ukifungua koki ya kunawia mikono maji yanatoka vizuri, na mtu anaweza kuapa kwamba bomba halina neno. Sasa walete zimamoto wafunge mpira wao kwenye bomba hilo hilo uone yatakayotoka. Dashibodi yako ni koki ya kunawia. Stata ni zimamoto.

Kwa wanaopenda hesabu, iko hivi. Tuseme kati ya betri na waya pameingia uchafu wenye ukinzani wa ohimu 0.05, kitu kidogo ambacho mita nyingi za kupimia umeme za bei rahisi haziwezi hata kukiona. Ampea tisa za taa zikipita hapo, volti zinazopotea hazifiki hata nusu. Taa zinawaka na wewe huoni tofauti. Ampea 150 za stata zikipita hapo hapo, zinapotea volti saba na nusu. Toa hizo kwenye 12, stata inabakiwa na nne na kitu. Kwa nguvu hiyo haizungushi injini. Inagonga "tak" na kunyamaza. Betri nzima, stata nzima, gari haliwaki.

Sauti zenyewe nazo zina maana. Ndani ya stata kuna swichi kubwa ya sumaku, solenoidi. Ukizungusha ufunguo, sumaku inavuta, inasukuma gia ya stata iumane na gurudumu la injini, na wakati huo huo inaunganisha njia ya umeme mkubwa. Hiyo ndiyo "tak". Umeme ukiwa hafifu, sumaku inavuta, stata inaomba ampea zake, volti zinaporomoka, sumaku inaachia. Ikishaachia mzigo umeondoka, volti zinarudi, sumaku inavuta tena. Mchezo huo ukijirudia mara kadhaa kwa sekunde unasikia "tik-tik-tik". Sauti hiyo ya haraka haraka karibu kila mara inasema shida iko kwenye betri au kwenye njia yake. Stata iliyokufa kwa uzee huwa na tabia nyingine: "tak" moja nzito, taa hazitikisiki, na ukirudia, mara nyingi ni "tak" hiyo hiyo.

Ndipo tunafika kwenye saa yako. Ile saa inakula umeme kidogo mno, na haisahau hadi umeme wake ukatike kabisa au ushuke karibu na sifuri. Betri iliyochoka hushuka hadi volti tisa, nane, saba. Mara nyingi saa inavumilia. Stata mbovu isiyovuta umeme haiwezi kuisahaulisha saa hata kidogo. Kwako, kila ukipiga stata gari zima linakosa umeme kwa nukta moja, halafu unarudi. Kitu kinachofanya hivyo ni kiungo kilicholegea au kuoza: kibano kwenye kichwa cha betri, au, mara chache, kiungo kilichokatika ndani ya betri yenyewe. Ukinilazimisha nitaje mshitakiwa mmoja nikiwa hapa sijaligusa gari, nataja kibano.

Na nina sababu ya pili, ambayo ni ile miezi minne. Watu husema "betri mpya, haiwezi kuwa hiyo". Mimi husikia "betri mpya" nikauliza: aliyeifunga aliifungaje? Magari mengi madogo ya Kijapani yana vibano vya vichwa vyembamba, ilhali betri zinazouzwa hapa zipo za vichwa vyembamba na za vichwa vinene. Gari la miaka ishirini limepitia betri nyingi, na kibano chake kimeshapanuliwa kwa bisibisi, kikabanwa kwa koleo, kikapanuliwa tena. Mwisho wake hakikazi. Fundi mwenye haraka anafanya nini? Anachomeka msumari, au kipande cha bati la kopo, anakaza nati, gari linawaka, anakunja pesa yake. Kwa wiki chache hakuna shida. Lakini msumari unagusa risasi ya kichwa cha betri kwa mstari mwembamba tu, na ukiuweka kwenye hewa ya chumvi kama ya Kigamboni, unapovuka maji asubuhi na jioni, kutu inaanza kula pale pale umeme unapopita. Wa Masaki na Mbezi Beach, wanaokaa kando ya bahari, nao wanajua ninachosema.

Hii pia inaeleza kwa nini liliwaka lenyewe baada ya robo saa. Vijana walivyosukuma gari lilitikisika, kibano kikapata mahali pa kugusa. Stata iliyokufa ni nadra kufufuka kwa kusukumwa hatua thelathini.

Nikiwa kijana, chini ya mwembe Temeke, nilimbadilishia mzee mmoja stata kwa dalili kama zako. Alilipa, akaondoka, kesho yake akaja kwa miguu. Waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ulikuwa umeoza chini ya ganda lake. Kwa nje unang'aa, kwa ndani unga. Nilimrudishia pesa ya ufundi, ya stata nilikuwa nimeshaitumia. Mpaka leo sifungui stata ya mtu kabla sijapima waya.

Haya, fungua boneti. Gari likiwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni, shika kibano cha kila kichwa cha betri ukijaribu kukizungusha kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, umemkamata. Angalia kama kuna msumari, bati, au karatasi ya sigara. Angalia unga mweupe au wa kijani-bluu. Wakati mwingine juu kunaonekana safi na uozo uko ndani, kati ya kibano na kichwa, kwa hiyo usiridhike kwa macho.

Ukitaka kufungua, spana namba 10 inatosha. Anza na hasi, ule upande wenye waya mweusi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, itapiga cheche itakayokutisha, na betri hutoa gesi ya haidrojeni ambayo haipendi cheche. Jambo moja kabla hujagusa nati: kama redio yako ni ile ya Kijapani yenye ramani, baadhi hujifunga umeme ukikatwa na kudai namba. Kwa kuwa umeme wako umekuwa ukikatika na redio bado inaimba, nadhani uko salama.

Mwagia unga huo maji ya moto yenye kijiko cha magadi, haya haya ya jikoni. Magadi yanaua asidi. Angalia yasiingie ndani ya betri kwenye vifuniko vyake. Kausha, kisha sugua kichwa cha betri na tumbo la kibano kwa msasa mpaka risasi ing'ae. Tupa msumari. Kama kibano hakikazi tena, nunua kipya chenye ukubwa wa vichwa vyako, au pete ya risasi ya kuvisha kwenye kichwa chembamba. Zote ni bei ya mlo wa mchana. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza mpaka kisizunguke, halafu paka grisi kwa juu kuzuia chumvi. Grisi isiende kati ya kibano na kichwa. Usishangae injini ikinguruma juu au chini kidogo kwa siku moja mbili baada ya kukata umeme. Kontrol boksi, ile kompyuta inayoongoza injini, inajifunza upya.

Baadaye fuata ule waya mweusi. Tawi moja linakwenda kwenye bodi, na injini au gia boksi ina waya wake wa kuungana na bodi. Watu wanasugua vibano mpaka vinang'aa, wanasahau kwamba umeme ukitoka stata lazima urudi nyumbani, na njia ya kurudi ni hiyo.

Ukiwa na mita ndogo ya kidijiti, unaweza kumaliza ubishi wote kwa dakika kumi na mtu mmoja wa kukuzungushia ufunguo. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri iliyojaa husoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na 12.0 kushuka chini ni njaa. Sasa gusa ncha za mita kwenye vichwa vyenyewe vya betri, ile risasi ya katikati, mwenzako apige stata. Isishuke chini ya 9.6 hivi. Rudia ncha zikiwa kwenye vibano badala ya vichwa. Vichwa vikisoma 11 na vibano vikisoma 5, kesi imekwisha, umeme unafia hapo katikati. Kisha ncha moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, apige tena: ikizidi nusu volti, waya wa kurudi ni mbovu. Na kama vichwa vyenyewe vinaporomoka hadi tatu nne papo hapo, basi nilikosea, kiungo kimekatika ndani ya betri. Irudishe dukani na risiti yako, miezi minne kwa kawaida bado iko ndani ya waranti.

Gari likishawaka, pima mara moja zaidi: kati ya 13.8 na 14.5 alteneta, mashine inayochaji betri, inafanya kazi. Ila asikudanganye mtu kuipima alteneta kwa kuvua kibano cha betri injini ikiwa inaunguruma, mchezo ambao bado nauona kila wiki. Ukivua, volti zinaruka ghafla na zinaweza kuunguza kontrol boksi. Ukiona fundi ananyoosha spana kuelekea betri wakati gari linanguruma, mshike mkono kwa adabu.

Kuna mambo mengine yanayoweza kuleta "taa zinawaka, gari haliwaki", nayataja haraka kwa faida ya wengine. Ukipiga stata na hakuna hata "tak", jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P; otomatiki ina swichi inayozuia stata gari likiwa kwenye gia, na ikichakaa P inasahaulika. Rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme), fyuzi, swichi ya ufunguo, na zile alamu zinazofungwa kienyeji kwa mkanda wa plastiki chini ya usukani nazo huua stata kimya kimya. Magari ya kubonyeza kitufe yanataka mguu kwenye breki na betri ya rimoti yenye uhai. Na kama stata inazungusha injini vizuri ila moto haushiki, hilo ni swali jingine kabisa, la mafuta na plagi.

Haya yote hayaifanyi stata kuwa takatifu. Kaboni zake, vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, huisha, vipande vya shaba ndani ya solenoidi huliwa. Ukisafisha kila kitu, vipimo vyote vikawa vizuri, volti 11 zinafika kwenye stata na bado ni "tak" tupu, fundi wako alikuwa sahihi na unamwia radhi. Hata hapo muulize kwanza kama anaweza kubadilisha kaboni au hizo shaba. Stata ya mtumba ni ya mtu mwingine aliyeitumia. Huenda nayo imebakiza miezi sita. Na ile ya kuigonga stata kwa spana ikawaka ni kweli inasaidia, kwa sababu inatikisa kaboni zilizokwama, lakini ni dalili kwamba siku zake zinahesabika.

Sasa jirani. IST yako ni otomatiki, na otomatiki haiwaki kwa kusukumwa. Kwenye manyuo, yaani gari la gia za mkono, tairi zikizunguka zinazungusha gia, gia zinazungusha injini. Kwenye otomatiki kati ya injini na gia kuna oili tu, na pampu inayoipa oili hiyo nguvu inazungushwa na injini yenyewe, ambayo imelala. Utasukumwa kutoka Magogoni hadi Posta na utaambulia jasho. Ukikwama, omba mtu akubusti: waya mwekundu kwenye chanya yako, halafu chanya yake, mweusi kwenye hasi yake, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini yako, mbali na betri. Hakikisha anayekusaidia ana mfumo wa volti 12. Fuso, Canter na Coaster nyingi za daladala ni volti 24, na hizo hazibusti, zinachoma. Kila ukipiga stata usizidi sekunde kumi, kisha ipumzishe nusu dakika.

Kuna hali ambazo hutakiwi kugusa kitu ila kumwita fundi wa umeme wa magari aje hapo ulipo: betri imevimba au inanuka mayai viza, waya unatoa moshi au unakuwa wa moto kuushika, stata inaendelea kuzunguka hata baada ya kuachia ufunguo. Na kama gari limepita kwenye maji ya mafuriko, Jangwani au popote masika inapofurika, halafu injini haizunguki, acha kabisa kupiga stata. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi. Kitakachopinda ni chuma cha injini, na hapo hatuzungumzii tena laki moja na nusu.

Kwa hiyo kesho asubuhi anza na mkono wako kwenye kile kibano. Ukipata mita, niandikie namba mbili zilizosomwa stata ikipigwa, ya kwenye vichwa vya betri na ya kwenye vibano, uniambie pia kama kulikuwa na msumari. Na mpaka utakapomaliza kazi hiyo, acha pantoni, pita Daraja la Kigamboni.